Mashetani wa Mpingo

Msomaji wangu, nakuomba kwanza usiogope jina la insha hii. Sikukusudia kukufundisha uganga, wala sina ilimu ya kupunga pepo. Mashetani nitakaokueleza hawampandi mtu kichwani, hawadai ubani, wala hawataki damu ya kuku. Wamekaa kimya juu ya rafu za maduka, katika nyumba za makumbusho, na mezani kwa watu wenye fedha huko Ulaya na Marekani. Wamechongwa kwa mti mweusi uitwao mpingo, na waliowachonga ni Wamakonde. Ukiwatazama mara ya kwanza nywele zitakusimama. Ukiwatazama mara ya pili utacheka. Na ukiwatazama mara ya tatu utaanza kujiuliza maswali ambayo si mepesi kuyajibu.

Mimi nilikutana nao nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, yapata mwaka wa 2010. Wakati wa likizo nilikwenda pwani kumwamkia shangazi yangu aliyekuwa akikaa Ukunda. Siku ya kurudi, nikingoja basi la kunivusha Likoni, nilimwona mzee mmoja ameketi chini ya mwembe kando ya barabara, amebana gogo jeusi kati ya nyayo zake, anachonga. Mbele yake alitandika gunia, na juu ya gunia palikuwa na viumbe ambavyo sijapata kuona mfano wake. Kimojawapo kilikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole. Jicho lake moja lilikuwa mahali pake, na jicho la pili lilikuwa gotini. Kinywa kilikuwa wazi, kikicheka au kikilia, na mguu mmoja ulipanda juu ukaingia katika kinywa hicho hicho, kana kwamba kiumbe kile kilikuwa kikijila chenyewe kwa furaha. Nilimwuliza mzee, "Hiki ni nini, babu?" Akanijibu pasipo kuinua uso, "Shetani." Nikauliza bei. Ilikuwa karibu sawa na nauli yangu ya kurudi chuoni. Nilinunua, na nusu ya safari nikaifanya nimesimama katika lori la nazi.

Mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni alikataa katakata kulala pamoja na sanamu ile. Nikaifunga katika taulo na kuitia uvunguni. Baadaye, nilipokuwa mwalimu, niliiweka mezani mbele ya darasa la historia. Mkuu mmoja wa shule niliyofundisha wakati huo alipoiona aliniamuru niiondoe, akisema kwamba kitu kile si elimu bali ni giza la zamani. Nikaiondoa, maana mkubwa ni mkubwa. Lakini kabla sijaiondoa, msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa amekwisha kuniuliza swali: "Mwalimu, aliyekichonga alikiona wapi?"

Insha hii ni jibu langu kwa msichana yule, ingawa limechelewa sana.

Wamakonde hukaa kando zote mbili za mto Ruvuma. Kaskazini ya mto wamo katika nyanda za juu za Newala, nchi ya Tanzania. Kusini wamo katika nyanda za juu za Mueda, nchi ya Msumbiji. Mpaka uliopitishwa mtoni ni kazi ya Wajerumani na Wareno wa mwisho wa karne ya kumi na tisa. Wamakonde wenyewe hawakuulizwa. Nyanda hizo zina vichaka vizito na maji haba, na kwa sababu hiyo wanawake walizoea kushuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo tena. Utauliza, kwa nini watu wachague kukaa mbali na maji? Wao wana hadithi inayojibu, na mtaalamu wa Kijerumani jina lake Karl Weule, aliyefika Newala katika mwaka wa 1906, aliisikia na kuiandika.

Hadithi yenyewe ni hii. Hapo kale palikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, hanyoi wala haogi. Siku moja alichukua mti akachonga sanamu ya mtu, akaisimamisha nje ya makao yake. Usiku ukapita, na kulipokucha sanamu ilikuwa mwanamke hai. Wakaoana, wakashuka mtoni kuoga, wakakaa karibu na mto. Mtoto wao wa kwanza akafa. Wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hata nyanda za juu, na mtoto wa tatu akaishi. Huyo ndiye chanzo cha Wamakonde.

Angalia jambo hili vizuri, msomaji. Makabila mengi husema mama yao alitoka mbinguni, au pangoni, au katika ubavu wa mume. Wamakonde husema mama yao alichongwa. Kwao mchongaji si fundi wa mapambo tu. Yeye alitangulia kabila. Mtu aliyelelewa katika hadithi hiyo hatashangaa kuona gogo likipata jicho.

Kabla ya mashetani wa mpingo kuwako, sanaa kubwa ya Wamakonde ilikuwa ni vinyago vya ngoma. Kinyago kimoja chaitwa lipiko, na wingi wake ni mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa huvaliwa kichwani mfano wa kofia ya chuma ya askari, kikafunika kichwa chote, na mchezaji huona nje kwa kupitia tundu la kinywa. Mwili wake wote hufunikwa nguo asitambulikane. Nywele huwa ni nywele za kweli za binadamu zilizopachikwa, na chale za usoni hufanywa kwa nta. Kinyago cha mwanamke aghalabu huwa na ndonya katika mdomo wa juu, kama walivyovaa bibi zao. Mapiko hucheza watoto wanapotoka jandoni na unyagoni, na desturi ya zamani ilitaka wanawake na watoto wasijue kwamba ndani yake mna mtu. Waliambiwa ni mzimu uliotoka ardhini, wakakimbia wakipiga mayowe. Nasadiki kwamba mama wengi walijua fika ni nani aliyekuwa ndani, kwa miguu yake na kwa mwendo wake, lakini wakakimbia kwa sababu kukimbia ndiko kulikotakiwa. Na si vinyago vyote vilivyotisha. Vingine vilimwiga Mzungu mwenye pua ndefu, au mgeni mwingine yeyote aliyestahili kuchekwa. Hofu na mzaha vilicheza katika uwanja mmoja, na nakuomba uyakumbuke haya, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Sasa tuje katika taabu. Wareno walipoimarisha utawala wao katika Msumbiji walidai kodi, wakawashika watu kwa kazi za lazima, wakawalazimisha kulima pamba. Kwa hiyo Wamakonde wengi wa Mueda walivuka Ruvuma kuingia Tanganyika, wakatafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walifika Dar es Salaam. Wengine walikwenda mbali zaidi hata pwani ya Kenya, na habari zao nitazirudia. Tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda mbele ya watawala wa Kireno walipigwa risasi. Idadi ya waliokufa hubishaniwa hata leo. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1962, vita vya ukombozi vikaanza mwaka wa 1964, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Katika miaka hiyo yote watu walivuka mto, na waliovuka walibeba tezo zao.

Wachongaji hao hawakuwa wageni wa kuchonga kwa ajili ya soko. Kusini ya mto walikwisha kuwauzia Wareno sanamu za mpingo: mwanamke mwenye mtungi, mzee mwenye kiko, na kwa wamisionari sanamu za Kristo na Bikira Maria. Mtindo huo huitwa binadamu, maana hufuata umbo la mtu lilivyo. Ni kazi safi ya mikono stadi, ila nitasema kweli kwamba mimi hainipatii usingizi wala kuniondolea. Ukiona mzee mmoja mwenye kiko, umewaona mia.

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1950 alikuwako mfanyabiashara wa Kihindi aitwaye Mohamed Peera, aliyekuwa na duka la vinyago. Tofauti na wenzake wengi, Peera alikaa na wachongaji, akawatia moyo wachonge walivyotaka, na alipoona kazi ngeni hakuifukuza. Miongoni mwa waliomletea kazi alikuwapo Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuchonga shetani kwa mtindo huu, na mwaka unaotajwa aghalabu ni 1959. Jinsi ilivyotokea husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Simulizi iliyoenea sana yasema kwamba Samaki alikuwa akichonga binadamu, na mkono wa sanamu ukavunjika. Mtu mwingine angalitupa gogo motoni. Yeye akaendelea kulichonga bila mkono, akaliacha lipotoke litakavyo, hata likawa kiumbe kisicho mtu wala mnyama; na Peera alipoletewa hakucheka, bali alilipa na kutaka kuona kingine.

Sikuwapo, wala wewe hukuwapo, na simulizi za namna hii hupendeza mno kuwa kweli tupu. Walakini jambo lililo wazi ni kwamba katika muda wa miaka michache mashetani walijaa mjini. Katika mwaka wa 1966 kitabu juu ya sanamu hizo mpya za Wamakonde kilikuwa kimekwisha kuchapwa hapa kwetu Nairobi.

Hapa ndipo wenye ilimu walipogombana, na ugomvi wenyewe haujaisha. Wako waliosema: hii si sanaa ya Kiafrika, ni bidhaa ya watalii, baba zao hawakuchonga mashetani, na kama Mhindi asingalitoa fedha na Mzungu asingalipanda ndege, shetani hata mmoja asingalizaliwa. Wengine wakajibu kwamba mashetani ni ndoto za kale za kabila, zilizofichwa na sasa zimefunuliwa. Mimi nawaona wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Hao wa kwanza wanasahau kwamba hakuna msanii, Florence wala Newala, aliyekula hewa. Mnunuzi aweza kusema, "Niletee kingine," lakini hawezi kumwambia mchongaji jicho likae gotini. Hao wa pili wanataka Mwafrika awe daima anaota. Wachongaji walikuwa macho kabisa. Waliijua imani ya watu wao juu ya viumbe vya porini, mathalan yule waitaye nandenga, nao walijua Kiswahili, na Kiswahili cha pwani kina mashetani wengi, wengine wabaya na wengine watukutu tu, wa kumpotezea mtu njia au kumpindulia chungu. Walizijua pia mapiko za utotoni mwao, za kutisha na za kuchekesha. Vyote hivyo walivitia katika gogo moja, mjini, mbali na kwao, na kwa ajili ya kula. Basi kitu kikawa kipya.

Na gogo lenyewe lilikuwa na neno la kusema. Hebu nikueleze juu ya mpingo, maana bila kuujua mti huu hutamwelewa shetani. Mpingo si mti mkubwa. Hukua polepole mno, na huchukua miongo mingi ya miaka kabla haujafaa kukatwa. Shina lake mara nyingi limepinda, lina mashimo na mafundo. Chini ya gome kuna mti mweupe wa rangi ya maziwa yaliyolala, na ndani yake ndimo mlimo kiini cheusi kama usiku wa mvua. Kiini hicho ni kizito hata ukikitupa majini huzama. Wazungu huutaka kwa klarineti na obo, kwa kuwa haubadiliki kwa urahisi na sauti yake ni safi.

Mchongaji huanza kwa tezo, akiliondoa gome na ule weupe. Kisha huingia na patasi na nyundo ya mti, kisha tupa, kisha msasa wa namna kwa namna, mpaka ngozi ya sanamu ing'ae. Hachori kwanza juu ya karatasi. Hulitazama gogo, akaligeuza, akaona hapa limepinda, hapa lina tundu, hapa fundo. Mtu anayetaka kuchonga mzee mwenye kiko atalaani tundu lile, kwa kuwa linaharibu kifua cha mzee. Anayechonga shetani hulishukuru. Tundu huwa kinywa, fundo huwa jicho, pindo la shina huwa mgongo wa kiumbe anayejinyonga ili ajitazame kisogo. Pengine huacha ukanda wa ule weupe makusudi, ukawa kama umeme unaopita juu ya mwili mweusi. Kwa hiyo msichana wangu wa dawati la nyuma, kama unasoma haya, sehemu ya kwanza ya jibu lako ni kwamba alikiona ndani ya gogo, na gogo lilimwonyesha kwa kilema chake.

Mtindo mwingine ulizaliwa katika mji ule ule, na sitauacha ingawa si wa kutisha. Roberto Yakobo Sangwani, naye mzaliwa wa Msumbiji, alichonga mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Sanamu za namna hiyo ziliitwa dimoongo, yaani nguvu. Baadaye watu waliongezeka katika gogo, wakapandana mabegani, wakashikana, babu chini na wajukuu juu, wote katika mti mmoja usiokatika. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka wa 1967, jina la Ujamaa likazikalia vizuri, na serikali na wageni wakazipenda. Ziliwafaa wote. Mashetani hawakufaa siasa ya mtu yeyote, na labda ndiyo sababu mimi nawapenda zaidi. Mtindo wa tatu waitwa mawingu, wa maumbo membamba yanayopindana kama moshi, na sifa yake hupewa Clements Ngala.

Toka hapo mashetani walisafiri. Katika mwaka wa 1989 palifanywa maonyesho makubwa Paris, yaliyowakusanya wasanii zaidi ya mia moja kutoka mabara yote, wa Ulaya na wasio wa Ulaya kwa usawa. Na miongoni mwao alikuwamo John Fundi, mchongaji wa Kimakonde, pamoja na viumbe wake wa mpingo. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka wa 1934 kusini mwa Tanzania, alianza kwa kuchonga, akafanya kazi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na huko akawatoa mashetani katika mti na kuwatia katika rangi. Mashetani wake wana masikio makubwa, midomo iliyochongoka na matumbo ya mviringo. Wanapika, wanagombana, wanaendesha baiskeli, wanakwenda hospitali. Wamekuwa majirani zetu. Mwishoni mwa maisha yake maradhi ya kisukari yalimdhoofisha akapoteza miguu, lakini aliendelea kufanya kazi pamoja na wasaidizi wake mpaka alipofariki mwaka wa 2005. Ukizitazama picha zake za siku hizo huoni msiba ndani yake. Mashetani wanacheza kama zamani.

Nairobi nayo ina wasanii wake wa mambo ya ajabu, na wachache nitawataja ili usidhani ajabu ni mali ya kabila moja. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972, hukata picha za magazeti na kuunganisha vipande hata vikawa wanawake nusu mnyama na nusu mashine. Na katika mwaka wa 2019 sanamu zake nne za shaba nyeusi zilisimamishwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vidaka vilivyokuwa vitupu tangu jengo hilo lilipojengwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo. Cyrus Kabiru huokota takataka za mji akaunda miwani ambayo hakuna daktari angekuandikia, kisha akaivaa na kupigwa picha. Simaanishi kwamba walijifunza kwa Samaki. Nasema tu kwamba wote wanajua siri ile ile, ya kumfanya mtazamaji aogope na kucheka kwa pumzi moja.

Tena twadaiwa deni la zamani zaidi. Uchongaji wa vinyago vya biashara wa ndugu zetu Wakamba husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na kujifunza huko kazi ya kuchonga. Wengine husema aliwaona Wamakonde, wengine Wazaramo. Mpaka mwaka wa 1963 Wakamba walikuwa na chama cha ushirika cha wachongaji Mombasa. Maelfu ya familia za Ukambani zimesomesha watoto kwa ufundi huo.

Nilisema nitawarudia Wamakonde waliofika Kenya. Waliletwa au walikuja wenyewe, hasa toka miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani ya kusini. Wengi walikaa Kwale, na kijiji chao kijulikanacho zaidi ni Makongeni, upande wa Msambweni. Walizaa hapa, wakazikana hapa. Lakini Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, hawakuhesabiwa kuwa wenyeji, na Msumbiji nayo haikuwajua. Hawakuwa raia wa nchi yoyote. Msomaji, wewe ukifika miaka kumi na minane utapewa kitambulisho, nawe utakitia mfukoni bila kukifikiria. Mtu asiye nacho hawezi kununua shamba likaandikwa jina lake, hawezi kufungua akiba benki, hawezi kupiga kura, hawezi kusajili simu, na kila kizuizi cha polisi barabarani kwake ni kama mto wenye mamba. Mmakonde wa Kwale aliweza kuchonga, kwa kuwa tezo haiulizi kitambulisho. Alimwuzia mtalii wa Diani, na mtalii akaitia sanamu katika sanduku lake.

Sheria mpya ya uraia ya mwaka wa 2011 iliruhusu watu wasio na nchi, waliokuwapo Kenya tangu kabla ya uhuru, waandikishwe. Miaka ikapita na kuandikishwa kwenyewe hakukuja. Katika Oktoba 2016, Wamakonde kwa mamia, wazee kwa vijana, waliondoka Kwale wakashika njia ya kwenda Nairobi kumwona Rais, baadhi ya safari wakiifanya kwa miguu. Walipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaamuru wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Mwanzoni mwa mwaka wa 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Mimi nilisikia habari hizo katika redio, katika chumba cha walimu, nikiwa nasahihisha madaftari. Ndipo nilipomkumbuka yule mzee wa chini ya mwembe, na neno alilonena alipokuwa akinifungia sanamu katika gazeti. Alisema, "Wenzake huyu wanapanda ndege. Mimi Mombasa sivuki." Wakati ule nilidhani ananiambia kwamba ni maskini. Nilicheka kwa adabu, nikamshukuru.

Sehemu ya pili ya jibu la yule msichana siwezi kuisema kwa hakika kama ya kwanza. Mtu aliyeishi miaka sabini akihesabiwa kuwa si wa hapa wala wa kule, akichonga kiumbe kisicho mtu wala mnyama, huenda alikuwa akichonga alichokijua. Huenda pia alikuwa akichonga kinachouzwa, akifikiri chakula cha jioni. Sioni kwa nini yasiwe yote mawili.

Mwaka juzi nilirudi Ukunda kwa mazishi ya shangazi, nikaichukua sanamu mfukoni. Mwembe ulikuwapo. Mzee hakuwapo, na kijana aliyekuwa akichonga mahali pale hakuwa jamaa yake, ila alimjua; alisema mzee alipata kitambulisho, akakaa nacho mwaka mmoja na kitu, kisha akafariki. Nikampa kijana sanamu aione. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya goti, chini ya lile jicho. Akaniambia, "Hapa hakupiga msasa. Ona, alama za tupa zingali zipo. Mzee hakuwa mtu wa kuacha kazi hivi, mwalimu. Kuna mtu alimharakisha."

Nikamwambia kwamba basi langu lilikuwa la saa nane.

Akachukua kipande cha msasa, akanitazama kana kwamba ananiuliza kama amalizie. Nikamwomba aiache kama ilivyo.